Sauti ya Mume Wangu Ndani ya Teksi

Nilikuwa kiti cha nyuma cha teksi, najipaka mafuta ya midomo, niliposikia sauti ya mume wangu ikitoka kwenye simu ya dereva.

Siyo mtu anayefanana naye sauti. Yeye mwenyewe! Kile kikohozi chake kidogo cha kusafisha koo, kisha: "Ndugu zangu wa usukani, habari za asubuhi..."

Nikatulia tuli na kikopo cha mafuta mkononi.

"Leo ninayo ya kufunga mwaka," sauti ikaendelea kwa kicheko. "Ile kamera ya pale shuleni, inayotutambaza kila siku kama tunasindikiza maharusi... ni kopo. Kopo la biskuti, jamani. Limepakwa rangi likabandikwa kitako cha glasi. Pale hapana kamera, hapana trafiki, hapana chochote. Piteni kwa raha zenu."

Dereva akacheka mpaka mabega yakaruka.

Mimi sikucheka. Siri ile ilikuwa ya mama yangu mzazi, na mume wangu aliipata chumbani kwangu, kwa mdomo wangu huu huu niliokuwa naupaka mafuta.

Jamani, kaeni vizuri niwaeleze. Na sisimulii ili mnionee huruma. Hata mkinipa sijui nitaiweka wapi.

Mume wangu ni dereva wa gari la mikate. Anatoka hakujapambazuka, anauzunguka mji mzima, na hakuna shimo la barabarani asilolijua. Ndiyo maana kwenye grupu la madereva wanamwita Jicho. Kila asubuhi anarekodi sauti yake na kuwaambia wenzake trafiki wamejificha wapi, kamera ipi nzima na ipi imekufa. Wa malori, wa teksi, wa magari ya ofisi, wote wanamsikiliza yeye kabla hawajachanganya gia.

Nami nilikuwa najisikia, nisiwafiche. Nikitembea naye mtaani watu wanampungia mkono kama mbunge.

Sasa Jicho ana maoni yake kuhusu mwendo, na atakupa hata kama hukumuomba. Kwake yeye vibao vya mwendo viliwekwa na watu ambao hawajawahi kushika usukani. Mwendo hauui, anasema. Anayeua ni yule asiyejua kuendesha, na yeye anajua, kwa hiyo vibao vile havimhusu.

Siku moja aliyasema hayo yote nyumbani kwa mama.

Mama yangu ni fundi cherehani. Nyumba yake inatazamana na shule ya msingi, na barabara kuu imepita katikati. Kila asubuhi, kabla hajagusa nguo ya mteja, anatoka kwenda kuwavusha watoto. Hajaajiriwa na mtu. Alijishonea kibendera cha kitambaa cha rangi ya chungwa, akakipinda ukingo vizuri kama gauni la harusi, na hicho ndicho anachonyanyua ili magari yasimame. Shule ilishaomba matuta. Wakaambiwa wasubiri, na mpaka leo wanasubiri.

"Mkwe," mama alimuuliza siku hiyo, mkasi mkononi, "pale mbele pana kibao cha thelathini. Mbona hamkioni?"

"Thelathini, mama? Hata mbuzi atanipita."

"Sasa nyinyi mkiona nini ndiyo mnapunguza?"

"Kamera tu, mama. Kamera haina undugu na mtu. Mengine yote mapambo."

Mama akaendelea kukata kitambaa chake. Mimi nilidhani yameisha. Kumbe mwenzangu alikuwa anachukua vipimo.

Hazikupita siku nyingi, kamera ikaota juu ya nguzo karibu na kivuko cha shule. Ya kijivu, jicho linang'aa, imekaa kwa kiburi hasa. Aliyekuwa wa kwanza kuitangaza kwenye grupu ni nani? Jicho mwenyewe. "Pale shuleni wamefunga mpya, ndugu zangu, msije mkasema sikuwaambia."

Basi magari yakawa yakifika pale yananyata. Malori makubwa, mabasi, hata wale vijana wa pikipiki wasiomwogopa mtu. Na gari la mikate nalo kila asubuhi linakanyaga breki, dereva wake analaani, anapita pole pole mbele ya dirisha la mama mkwe wake.

Mimi niligundua kwa bahati. Nilifika kwa mama siku ya tatu tangu ipandishwe, nikamkuta bado anajifuta rangi ya kijivu kwenye kucha kwa mafuta ya taa. Juu ya cherehani palikuwa na mfuniko wa kopo la biskuti, zile biskuti nilizomletea mimi alipougua. Nikautazama mfuniko. Nikatazama dirishani. Nikaitazama nguzo...

"Mama!"

"Shusha sauti," akasema.

Akaniambia kwamba fundi wa kuchomelea vyuma, jirani yake, ndiye aliyepanda ngazi na kulifunga. Akaniambia pia kwamba tangu lipande, hajapiga kelele hata mara moja pale kivukoni. Magari yanasimama yenyewe. Nilikuwa sijamwona mama yangu anafurahi vile kwa muda mrefu.

Kisha akanishika mkono. "Tunajua watatu tu: mimi, fundi na wewe. Mumeo asijue. Mkwe wangu namheshimu, lakini mdomo wake ni redio."

Nikamwahidi. Nikamwahidi huku namtazama machoni.

Mnataka kujua nilivyoivunja ahadi ile? Ningependa niwaambie nilishikiwa kisu. Wala. Niliivunja ili nishinde ubishi.

Jioni moja, wiki kadhaa baadaye, Jicho alikuwa ananicheka. Nilikuwa nimeshindwa mtihani wa leseni, na badala ya kunipa pole akageuza tamasha. Ananiigiza ninavyoshika usukani kama nimeshika sinia la moto. Anasema barabara ina wenyewe. Anasema yeye hakuna kamera ya nchi hii inayoweza kumdanganya, anaijua kila moja na tabia zake.

"Ipo moja imekudanganya," nikasema.

"Ipi?"

Nikanyamaza. Akanibembeleza, akanitekenya, akaniita majina yale anayoniita akitaka kitu. Nami nilikuwa nimechoka kuchekwa. Nilitaka, mara moja tu, mimi niwe ndiye ninayejua na yeye awe ndiye asiyejua.

Nikamwambia.

Tulicheka mpaka machozi. Yaani mama mkwe kampiga chenga Jicho mzima kwa kopo la biskuti! Lakini katikati ya kucheka nikaona yeye ameacha. Amekaa ukingoni mwa kitanda, anajikuna kidevu. Kumbukeni ni yeye aliyewatangazia watu wote ile kamera. Nikamsihi asimwambie mtu.

"Nimwambie nani?" akasema. "Nikajiaibishe mwenyewe?"

Nikaamini, nikalala. Sikujua kwamba mwanaume akiogopa kuaibika huwa anawahi yeye kucheka kabla hajachekwa.

Turudi kwenye teksi.

Asubuhi ile nilikuwa nimechelewa kazini. Mimi ni mpokezi kwenye kliniki ya meno, na daktari wetu anafunga mlango kwa funguo na kukutazama kupitia kioo. Kwa hiyo tangu napanda nilikuwa namhimiza dereva. Kaka ongeza kidogo. Kaka huyo mpite. Kaka wa watu akanijibu kwa adabu kwamba angependa kunisaidia, ila mbele kuna kamera ya shule na pale lazima tutambae.

Hapo ndipo sauti ya Jicho ilipoingia.

"Umesikia, dada?" dereva akaniambia, bado anacheka. "Leo utafika."

Akakanyaga mafuta.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Kutoka pale tulipokuwa mpaka kwenye kivuko kuna kituo cha mafuta, kuna maduka, kuna ukuta mrefu wa shule. Nafasi ilikuwepo. Nilifungua mdomo nikasema, "Kaka..." Akanijibu nisijali. Nikaufunga.

Ningemwambiaje? Mimi niliyekuwa namwambia aongeze, sasa nimwambie apunguze? Angeniuliza sababu. Ningesema lile kopo ni la mama? Na aliyelitangaza ni mume wangu? Na aliyempa habari ni mimi? Niliona aibu mbele ya mtu ambaye hata jina lake silijui. Kwa ajili ya aibu hiyo ndogo nikanyamaza, na ikanizalia hii kubwa ninayotembea nayo.

Ukuta wa shule ukaisha. Nikaona kibendera cha rangi ya chungwa.

Watoto wengi walikuwa wameshavuka. Alibaki mmoja, binti mdogo, ameinama katikati ya barabara anaokota kiatu kilichomtoka mguuni. Mama alikuwa amerudi kumfuata. Alinyanyua kibendera chake kama kila siku, akatugeuzia mgongo ili amshike yule mtoto, kwa sababu kwa wiki nyingi magari yalikuwa yanasimama yenyewe pale.

Nilipiga kelele. Dereva alifunga breki kwa miguu yote miwili. Gari likalia, likaserereka, na katika kuserereka kule nilimwona mama anamsukuma mtoto kwa begi lake la mgongoni.

Mtoto aliangukia upande wa pili, mzima.

Mama hakuwahi.

Nilishuka bila viatu. Dereva alishuka, anasema "Bibi, bibi, nisamehe bibi," na mimi nikapiga magoti pale chini nikaita "Mama!" Ndipo yule kaka akanitazama. Sitausahau ule mtazamo. Alimbeba mama yangu, akamlaza kiti cha nyuma kichwa kikiwa mapajani mwangu, akaendesha mpaka hospitali kwa mkono mmoja kwenye honi.

Njiani mama alifumbua macho mara moja tu. Aliuliza kama mtoto amepata kiatu chake.

Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika. Mguu wa kulia, ule anaokanyagia cherehani.

Ndugu wakaanza kuingia. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, alifika na fimbo yake. Akaja mwalimu wa shule, akaja fundi wa kuchomelea na mikono yake myeusi. Dereva alikuwa amekaa mwisho wa benchi, shati lina damu ya mama, anasubiri askari waje wamchukue maelezo. Hakukimbia, ingawa mlango ulikuwa wazi muda wote. Mimi niliketi upande mwingine wa benchi hilo hilo na sikuwa na ujasiri wa kumsogezea hata kikombe cha maji.

Kisha akaingia mume wangu.

Aliingia na koti lake la kazi lenye unga mabegani, macho mekundu. Niwe mkweli, Jicho anampenda mama. Alisikia habari akaliacha gari la mikate katikati ya mzunguko wake. Lakini hakuja kwangu wala hakuuliza hali ya mgonjwa. Alikwenda moja kwa moja kwa yule dereva, akamkamata ukosi wa shati akamsimamisha.

"Wewe ndiye uliyemgonga mama yangu? Huoni kibao? Hujui pale ni shule? Watu kama nyinyi ndio mnaotuharibia jina madereva!"

Dereva hakujitetea. Alikuwa ameinamisha kichwa, anapokea. Halafu taratibu akakiinua. Akamtazama mume wangu usoni, akainamisha sikio kidogo, kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Sema tena," akamwambia.

"Nini?"

"Sauti hii naijua." "Naisikiliza kila asubuhi. Wewe ni Jicho."

Vidole vya mume wangu viliachia ukosi kimoja kimoja.

Mjomba hakuelewa, akataka aelezwe. Dereva akatoa simu na kuicheza ile sauti, palepale, mbele ya wote. Kikohozi kidogo. "Ndugu zangu wa usukani..." Mpaka mwisho. Mpaka "piteni kwa raha zenu." Muuguzi aliyekuwa anapita na trei alisimama. Mume wangu alisikiliza sauti yake mwenyewe ikicheka, na mama mkwe wake amelala nyuma ya pazia hatua chache kutoka pale.

Fundi wa kuchomelea akasema polepole kwamba kopo lile walilifunga yeye na mama kwa siri, na hakumwambia mtu, hata mkewe.

Mjomba akaegemea fimbo yake. "Basi mkwe, wewe ulijuaje?"

Macho ya Jicho, kabla hajayazuia, yalikuja kwangu.

Mimi nilitazama vigae vya sakafu. Nilikuwa sina viatu, miguu ina vumbi la barabara na damu ya mama. Nilijua kwamba ni lazima niseme, na kwamba nikisema, mjomba, fundi na mwalimu watanijua mimi ni mtoto wa namna gani. Nilijaribu. Wallahi nilijaribu, sauti haikutoka.

Ndipo mama akasema kutoka nyuma ya pazia.

"Nilimwambia mimi."

Mjomba akalivuta pazia. Mama alikuwa amesawijika kwa maumivu, jasho limemlowesha kilemba. Hakunitazama hata kidogo. Alimtazama kaka yake.

"Nilimwambia mkwe wangu mwenyewe, kaka. Ni uzee huu, mdomo haukai. Msimsumbue mtu."

Mama yangu! Mwanamke ambaye wateja wanamwachia vipimo vyao na siri zao kwa sababu havitoki ndani ya nyumba ile! Alilala pale na mfupa uliovunjika, akajivika uropokaji wangu mbele ya watu ili mimi nisivuliwe nguo.

Kama angenizaba kibao ningejua pa kushika. Lakini alinisitiri, na tangu siku hiyo sijui nimtazame vipi.

Watu walipotoka nilimwangukia miguuni. Nililia nikishindwa kupanga maneno. Aliniacha nilie, halafu akaniambia nisogee, nitailowesha plasta. Sikuwa nimeomba msamaha bado, na yeye hakutaka kuusikia.

"Kesho asubuhi nani atawavusha watoto?" akauliza.

Ndilo jibu nililopewa.

Kazini niliomba niwe naingia baadaye kidogo, na daktari wa meno alikubali kwa shingo upande. Kila asubuhi nasimama kivukoni na kibendera cha rangi ya chungwa. Kilichanika ukingo siku ile, nikakishona mwenyewe, mshono umepinda na mama anauona kila anapochungulia dirishani. Cherehani yake imefunikwa kitambaa. Anasema mguu ukipona ataanza na kukitengeneza upya kile kibendera, maana nimemtia aibu kwa wapita njia.

Jicho alikaa kimya kwenye grupu. Wenzake wakamuulizia, akasema anaumwa koo. Jioni moja nilimkuta uani amechuchumaa, anagonga kitu kwa nyundo. Lilikuwa kopo. Watu walikuwa wamelishusha na watoto wakaligeuza mpira, limebonyea kila upande. Alilinyoosha taratibu, akalipaka rangi, akavunja glasi yetu nzuri ya wageni kupata kitako. Fundi wa kuchomelea akalirudisha juu, na safari hii Jicho ndiye aliyeshika ngazi.

Asubuhi iliyofuata nikasikia kile kikohozi kidogo jikoni.

"Ndugu zangu wa usukani. Pale shuleni kopo wameliondoa. Sasa wamefunga yenyewe. Mimi nimepita imenipiga picha, msije mkasema sikuwaambia."

Ulikuwa uongo wake wa kwanza kwa madereva wenzake. Miaka yote amewaambia ukweli, na ukweli huo uliwasaidia kukimbia tu.

Wa kwanza kumjibu kwenye grupu alikuwa yule dereva wa teksi, akiwa nyumbani, leseni yake bado imeshikiliwa. Aliandika: "Nathibitisha. Hata mimi imenipiga."

Mume wangu alinionyesha jibu lile, akakaa chini, akafunika uso kwa mikono yenye unga. Sikuwahi kumwona Jicho analia mpaka siku hiyo.

Magari yanatambaa tena.

Najua mtajaa hapo chini kwenye maoni kuniuliza. Ni mji gani? Ni barabara ipi? Ni shule gani hiyo, dada, tuijue? Ndugu zangu, sisemi, na hata jina la Jicho na alama nyingine nimezibadilisha. Mdomo huu ulishafunguka mara moja na mnajua ulipotufikisha. Wengine mnaosoma hapa mnapita pale kila siku, na mimi nawaona mkipita, mnanuna, mnaitazama ile nguzo kwa hasira.

Nuneni tu. Mkiona kamera popote pale, msijiulize kama ni nzima au imekufa. Punguzeni mpite, kuna mtu amegeuka kumfungia mtoto kiatu akiamini kwamba mtasimama.